Ijaza Yenye Nafasi ya Jina Moja

Sogeeni, na anayejiona hodari wa kukata kesi akae mbele kabisa, maana hii imenishinda mimi mwaka wa saba sasa.

Zamani, katika nchi ya Andalusia, mahali ambapo adhana na kengele zilisikika mtaa mmoja, waliishi watu watatu. Muzaffar alikuwa na kichwa: alichokisikia mara moja hakikumtoka tena. Tabibu Yekutieli, Myahudi, alikuwa na mkono: alinakili kurasa arobaini kwa siku bila kukosea hata nukta. Na Padri Ordonyo alikuwa na ubishi. Huyo akikosa msomi wa kubishana naye, alibishana na mpishi.

Katika mji huo alikuwepo mwanafalsafa, Shekhe Labib, aliyeandika kitabu kimoja chenye sehemu tatu: mwili, akili, na Muumba. Amiri, mtawala wa mji, alipoona kitabu kinauliza maswali mengi mno, akaamuru nakala zote zichomwe na Shekhe afukuzwe. Shekhe akafia ugenini mikononi mwa bintiye, Nuzha. Kabla ya kukata roho akampa karatasi yenye muhuri. Ilikuwa ijaza, yaani ruhusa ya mwalimu kwa mtu atakayekisomesha kitabu chake. Mahali pa jina palikuwa wazi.

"Atakayekiokoa kitabu, mwandike hapo," alisema. "Jina moja tu, mwanangu. Wakiwa wawili watagombania kila neno, na mwisho mtakuwa na vitabu viwili."

Miaka ishirini Nuzha aliitunza ijaza ya kitabu kisichokuwepo. Mvi zikamjaa. Kisha Amiri akafa, mwanawe akaondoa marufuku, na Nuzha akatuma habari kila mji: mwenye chochote cha baba yangu, aje. Hakutarajia mtu. Wakaja watatu, asubuhi moja, na moyo wake ukaenda mbio kama wa msichana!

Muzaffar alikuja mikono mitupu. Alikuwa mwanafunzi wa Shekhe, na kwa kosa hilo alifungwa miaka tisa. Huko gerezani, kila siku alijisomea kwa sauti sehemu ya kwanza, ndiyo pekee aliyokuwa amefundishwa. Alisimama uani akaisoma yote. Lau si yeye, sehemu ya kwanza ingekuwa majivu.

Tabibu Yekutieli alikuja na sanduku la dawa. Chini ya mitishamba ilikuwamo sehemu ya pili, aliyoinakili kwa siri kabla ya moto, maneno ya Kiarabu yaliyoandikwa kwa herufi za Kiebrania. "Askari walilifungua mara tatu," alisema. "Wakaona herufi zetu, wakadhani ni sala. Wangejua, nisingekuwa na kichwa cha kuvalia kilemba hiki." Lau si yeye, sehemu ya pili nayo ingepotea.

Padri Ordonyo alikuja na punda aliyeelemewa. Alikuwa ameandika kwa Kilatini kitabu kinene cha kumpinga Shekhe Labib, na ili ampinge vizuri, alitafsiri sehemu ya tatu sentensi kwa sentensi, na chini ya kila sentensi akaandika: "Amekosea!" Mahali pengine jibu lilikuwa na kurasa kumi. Lakini Nuzha alipofunua kurasa za mwisho, akakuta maneno ya baba yake tu, na chini yake hakuna kitu.

"Hapa mbona hukujibu, Padri?"

"Nilikosa la kusema."

"Ulikubali, basi!"

"Nimesema nilikosa la kusema, bibi. Hayo ya kukubali ni yako."

Yekutieli akayaandika ya Muzaffar, akakirudisha Kilatini katika Kiarabu, na hata mwezi haujaisha, kitabu kilikuwa kimetimia. Nuzha alicheka huku analia. Baba yake amerudi nyumbani!

Barazani walingoja wanakili sita, kalamu zimechongwa, maana baada ya siku kumi misafara ingeondoka kwenda miji sita. Lakini kitabu huanza na ijaza. Bila jina, hakuna wa kuandika hata herufi.

"Dada Nuzha, mimi ndiye mwanafunzi wake," alisema Muzaffar. "Sauti yake ninayo kifuani."

"Sauti haina ubaya," alisema Yekutieli, "ila wewe ulikamatwa tu, hukuchagua. Mimi niliihatarisha familia yangu kwa hiari, kwa ajili ya mtu asiye wa dini yangu."

Padri akacheka. "Mimi sikuhatarisha chochote, na nilikuwa adui yake. Lakini niambieni, ni nani kati yenu aliyemsoma kwa makini kama mimi? Nyinyi mlimpenda. Mimi nilipima kila neno kwa miaka kumi na moja, na leo vijana wa Kikristo wanalijua jina la Labib kwa sababu yangu."

Nuzha aliwatazama mmoja mmoja. Aliwapenda wote, hata yule mbishi, na hilo ndilo lililomtesa. Jina atakaloandika ndilo litakalosomwa pamoja na la baba yake milele, na mawili mengine hayatajulikana na yeyote. Akachovya kalamu.

Haya, jamaa zangu. Aliyeteseka, aliyejitolea, au aliyepinga kwa haki hadi akakosa jibu? Je, wewe ungeamua vipi? Na hao wawili utakaowafuta, ungewaambia nini usoni?