Nishikie Duka, Bwana Mwenyekiti

Hapo zamani za kale, wanangu, siku ambazo wanyama walikuwa bado wanafunga milango yao kwa kufuli na kutembea na funguo viunoni, palikuwa na kichochoro kimoja mjini kilichoitwa Kwa Pimbi.

Kiliitwa hivyo kwa sababu duka la kwanza ukiingia lilikuwa la Bi Pimbi. Duka lenyewe lilikuwa dirisha moja, meza moja, rafu mbili, na debe la kukalia ambalo mwenyewe hakulikalia. Alikalie saa ngapi? Alfajiri anapima chumvi, mchana anapima sukari, jioni anapima mafuta ya taa. Aliuza kijiko kimoja, aliuza nusu kikombe, aliuza hata nusu kitunguu. Alisimama sana, mpaka wageni wakadhani miguu yake ilikuwa mirefu zamani, ikapungua kwa kazi.

Na akikosa kitu alichoombwa, alisema, "Subiri kidogo!" Kisha akatoka kwa mlango wa nyuma, pu-pu-pu-pu, mpaka kwa Nungunungu au kwa Kobe, akakileta. Nao wakikosa walikuja kwake. Anayetoka humwambia yeyote aliye karibu, "Nishikie duka," na katika mji ule hakuna aliyewahi kukataa ombi hilo. Hivyo ndivyo kichochoro kizima kilivyoishi.

Mwisho wa kichochoro palikuwa na ghala la Kiboko. Msiwe na haraka ya kumchukia Kiboko. Alikuwa na duka kubwa na wateja wachache. Alikaa humo peke yake kutwa nzima, akisikia vicheko vya wateja kule mbele, ambao hawafiki kwake kwa sababu wameshapata walichotaka njiani. Ukisikiliza vicheko vya wenzako kwa miaka mingi hivyo, akili huchoka, na akili iliyochoka hupanga mambo mabaya.

Mwaka ule, Halmashauri ya Mji ikatangaza Tuzo ya Duka Bora. Zawadi ilikuwa kiti cha mninga, chenye mgongo na mikono, na mto wa sufi juu yake. Hakimu alikuwa Tembo, Mwenyekiti wa Halmashauri.

Kiboko akamwendea. "Bwana Mwenyekiti, tuzo bila sheria ni mchezo wa watoto. Mimi nimekuandalia sheria mbili."

"Zisome," akasema Tembo, akipiga miayo.

"Ya kwanza: duka litakalokosa kitu kinachoombwa na hakimu, lifungwe. Ya pili: duka litakalokutwa halina muuzaji ndani, lifungwe."

"Sioni ubaya," akasema Tembo. Na kweli hakuuona. Kwa miaka mingi alikuwa akituma watu kumnunulia vitu, dukani hakufika.

"Na hii ni orodha ya vitu vya kuomba. Nimekuandikia mwenyewe, usisumbuke. Anza na duka la Bi Pimbi."

Hakusema kwamba asubuhi ile alipita pale dirishani polepole, akazikagua rafu mbili za Bi Pimbi, akaandika vile tu visivyokuwepo.

Basi Tembo akaja, dum, dum, dum, mpaka vikombe vikalia rafuni. Akaingia kwa tabu, bega moja kwanza, kisha la pili. Akasoma zile sheria mbili kwa sauti. Bi Pimbi akasikiliza huku anafunga sukari ya mteja.

Asipotoka, atakosa kitu, atafungiwa. Akitoka kwenda kukitafuta, duka halina muuzaji, atafungiwa. Na baada yake atafungiwa Nungunungu, kisha Kobe, kwa sababu wote waliishi hivyo hivyo. Bi Pimbi akahisi uchovu wa miaka yote ukimpanda kutoka kwenye nyayo.

"Naomba sindano ya kushonea magunia," akasema Tembo.

"Ipo, Bwana Mwenyekiti. Iko nyuma." Akafuta mikono kwenye kanga yake. "Hebu nishikie duka."

"Mimi?"

"Wewe."

"Bi Pimbi, mimi ni hakimu!"

"Kwani unakataa kumshikia mtu duka?"

Pale dirishani walikuwepo wateja watatu. Wote watatu wakamtazama Tembo.

"Nani amekataa?" akasema Tembo haraka. "Nenda! Usikawie!"

Bi Pimbi akatoka, pu-pu-pu-pu, akaingia kwa Nungunungu.

"Sindano ya magunia!"

"Chagua mwenyewe," akasema Nungunungu, akimgeuzia mgongo. "Ila za shingoni usiguse, hizo nimevaa. Na vipi, hakimu ameshaondoka?"

"Yuko dukani. Anauza."

"Anauza?" Nungunungu akageuka kwa kishindo, chakacha-chakacha! "Bi Pimbi, umerogwa?"

"Nimechoka. Nikitoka nafungiwa, nisipotoka nafungiwa. Basi nimemwachia duka mwenye sheria. Una kahawa?"

Akakaa. Wanangu, alikaa! Kwenye mkeka wa Nungunungu, miguu mbele, na kikombe cha kahawa mkononi. Akanywa polepole mpaka machicha.

Kule dukani, Panya alikuwa wa kwanza.

"Shikamoo mzee. Nipimie unga, vijiko vitatu."

"Chukua gunia zima, kijana, usinisumbue."

"Gunia nitalipeleka wapi? Naishi kwenye shimo. Vijiko vitatu, mzee, na visiwe vya kilima, viwe vya kusawazishwa."

Tembo akakishika kijiko kwa ncha ya mkonga. Kikaanguka, kli! Akakiokota. Kikaanguka tena. Akainama juu ya debe la unga, unga ukampanda puani.

"Aaa... aaa... APCHIAAA!"

Pwaa! Rafu nyeupe, meza nyeupe, Panya mweupe, Tembo mweupe.

"Hivyo si vijiko vitatu," akasema Panya, akijifuta macho.

"Mimi nilikuja kwanza!" akalalamika Bata. "Nusu kikombe cha mafuta ya taa. Na nyongeza yangu je?"

"Nyongeza gani?"

"Bi Pimbi hunitupia karanga kidogo. Wewe mchoyo?"

"Na mimi nirudishie kitunguu hiki," akasema Kima, "mke wangu amesema kinanuka."

"Kitunguu gani hakinuki?"

"Mwambie hayo mke wangu!"

Bi Pimbi aliporudi na sindano, Tembo alishusha pumzi hadi mapazia yakapepea. "Afadhali umerudi! Sasa kuna... kuna mdalasini, kijiti kimoja."

"Upo, Bwana Mwenyekiti. Nishikie duka."

"Tena?"

Lakini alishatoka. Safari hii alikwenda kwa Kobe, na kwa Kobe hakuna jambo la haraka. Kobe aliinuka, akatafuta miwani, akaiona usoni mwake, akafungua kopo la karafuu, akalifunga, akafungua la mdalasini. Bi Pimbi alimngoja amekaa, tena kwa furaha. Akamwomba na utambi wa taa, maana dukani kwake haukuwepo na aliona Kobe anao, akaufunga kwenye pindo la kanga yake.

Adhuhuri ilipopita alirejea. Tembo alikuwa amevaa kopo la chai mguuni, limemganda na hajui limeingiaje.

"Bwana Mwenyekiti, tuishie hapa?"

Tembo alitamani kusema ndiyo. Lakini alikuwa mnyama wa ofisi tangu ujana wake. "Orodha ni orodha, Bi Pimbi," akasema kwa unyonge. "Umebaki utambi wa taa, mmoja."

Utambi ulikuwa kwenye pindo la kanga. Bi Pimbi hakuutoa. "Upo nyuma," akasema. "Nishikie duka." Akaenda zake kwa Nungunungu, akaomba kikombe cha pili, akalala usingizi mdogo, ule wa kuegemea ukuta.

Alasiri Kiboko akaona hajatangaziwa kwamba duka limefungwa. Akaja mwenyewe. Akachungulia dirishani, akaona Tembo mweupe mwili mzima, kijiko mkongani, anampimia Bata chumvi kwa uangalifu mkubwa, ulimi nje.

"Bwana Mwenyekiti! Mwenye duka yuko wapi?"

"Amekwenda kuleta utambi. Panga foleni."

"Kwa hiyo ametoka! Duka halina muuzaji! Sheria ya pili, lifunge!"

Tembo akakiweka kijiko chini taratibu. "Halina muuzaji?"

"Halina!"

"Kiboko. Nimesimama hapa tangu asubuhi. Mgongo hauinuki. Nimetukanwa na Bata mara nne. Nimegombana na mke wa Kima ambaye hata sijamwona. Nawe unaniambia hapa hakuna muuzaji?"

Foleni nzima ikasema, "Eee! Muuzaji yupo!"

"Basi sheria ya kwanza! Utambi haupo!"

"Huu hapa," akasema Bi Pimbi mlangoni, macho yangali na usingizi.

"Umeutoa kwa jirani!"

"Nimeutoa kwa jirani," akakubali Bi Pimbi. "Hata sindano. Hata mdalasini. Sikudai kwamba ni vyangu. Nilisema viko nyuma, na jirani zangu wako nyuma."

Tembo akaupokea utambi. Akamgeukia Kiboko. "Wewe unao utambi?"

"Ninao! Katoni sita!"

"Niuzie mmoja."

"Mmoja? Bwana Mwenyekiti, siwezi kufungua katoni nzima kwa utambi mmoja."

Foleni ikaguna. Hata Bata alisogea karibu.

"Nimeomba," akasema Tembo, "na nimekosa. Sheria ya kwanza inasemaje, Kiboko?"

Kiboko akainamisha kichwa chake kikubwa. Mashavu yake yakalegea. Ghafla akaonekana mzee.

"Usimfungie, Bwana Mwenyekiti," akasema Bi Pimbi. "Hana wa kumwachia duka hata dakika moja, ndiyo maana amekuwa hivi. Zichane hizo sheria, sote twende tukapumzike."

Tembo akazichana, chraa! Kisha akatangaza kwamba tuzo hawezi kuitoa, kwa kuwa siku hiyo ameuza dukani, na anayeuza hawezi kuwa hakimu. Kiti cha mninga kiwekwe pale penye mdomo wa kichochoro, akikalie yeyote aliyeshikiwa duka.

Kikaletwa. Na wa kwanza kukikalia hakuwa Bi Pimbi. Ni Tembo, aliyejibwaga juu yake, kraak! Kabla mguu wa kiti haujamaliza kulia, naye akaanza kukoroma. Bi Pimbi akamtazama, akajifunga kanga vizuri, akarudi nyuma ya meza yake kufagia unga.

Kiboko alikuwa bado amesimama dirishani. Akakohoa.

"Bi Pimbi... hivi... unaweza kunishikia duka? Kidogo tu. Miguu yangu."

Bi Pimbi akalitazama lile ghala, urefu wake na giza lake. Hakucheka.

"Kesho nitakushikia, jirani. Leo muulize Mwenyekiti. Kuuza ameshajua."

Kule kwenye kiti Tembo alifumbua jicho moja, akasikia, akalifumba haraka sana, akakoroma kwa sauti zaidi.

Nanyi, wanangu, kabla hamjapima kazi ya mtu mwingine kama ni nzuri au mbaya, mshikieni kwanza kazi hiyo hata nusu siku.