Kamba ya Kisima cha Soko Kongwe

Mgeni shika kamba, mwenyeji ashuke.

Maneno hayo mjukuu wangu Zawena ameyasikia leo asubuhi kwenye gwaride, kamanda wao alipokuwa akiwaaga askari wa nchi yetu wanaokwenda kulinda amani katika nchi ya watu. Amerudi hapa na sare mpya inayonuka duka, akakuta nyumba imejaa ndugu, majirani, na wengine ambao hata mimi siwajui, ila wamesikia kuna pilau. Hajakaa vizuri akaniuliza, "Bibi, kamanda anasema methali hii imetoka mji wetu. Eti kweli?" Wenzake wakacheka, wakidhani anamtania mzee.

Vijana mnadhani methali huota kama uyoga, hazina baba wala mama. Sogeeni basi, na aliye karibu na sinia la vitumbua asijifanye ni lake. Methali hii ninaijua mahali ilipozaliwa, na aliyeizaa nilikuwa nikimuuzia chai.

Mji wetu mnaujua una pande mbili, Mlimani na Bondeni, na katikati yake Soko Kongwe. Kisima kilicho sokoni kilichimbwa na mababu wa pande zote mbili, na kabla ya vita hakuna aliyeuliza nani kachota kwanza. Vita vyenyewe sitawasimulia. Nitasema tu kwamba katika mwaka wa tatu, vijana wa Mlimani walipoona wenzao wa Bondeni wanakaribia kuliteka soko, walikijaza kisima kile magogo, mawe, mabati, hata milango ya maduka. Walisema, kama sisi hatunywi, hanywi mtu.

Baadaye wakubwa walitia saini mapatano, mbali huko, na ndipo wakaja askari wa kofia za buluu kutoka nchi nyingi. Anayesema hawakutusaidia mleteni kwangu. Walikaa kati ya Mlimani na Bondeni kama mama anayelala katikati ya watoto wagomvi. Wahandisi wao walitoka Nepali, na mkuu wao alikuwa mwanamke mmoja mfupi, mkakamavu, akiitwa Kapteni Thapa. Kiswahili alijifunza kwenye kibanda changu cha chai, ndiyo maana alijua habari za kila nyumba. Kila asubuhi boza lao, lile lori la tangi, lilileta maji sokoni, watu wa Mlimani wakisimama kushoto, wa Bondeni kulia, na askari katikati akigawa.

Tukazoea. Kwa miaka miwili, ukimuuliza mtoto maji yanatoka wapi, anakujibu, "Kwa Kapteni."

Ikaja habari kwamba boza litaondoka mwisho wa mwezi, na askari watafuata kidogo kidogo. Wiki mbili baada ya boza kuondoka ulipangwa uchaguzi wa madiwani, wa kwanza tangu vita. Siku ileile habari ilipofika, kwenye foleni ya maji, mama mmoja wa Mlimani na mwenzake wa Bondeni walipigana kwa ndoo kichwani, na kabla ya adhuhuri niliona wanaume wa pande zote wakikusanya mawe. Hakuhitajika mpiga ramli. Boza likiondoka na kisima kimeziba, hatutafika kwenye kura.

Kapteni Thapa akauita mji mzima sokoni. Alikuwa amekikagua kisima. Alisema mashine haitafaa kitu, kwa kuwa kuta zake ni mawe ya zamani, zikitikiswa zitaanguka. Kitafukuliwa kwa mikono.

"Kesho nitashusha askari wangu sita," alisema.

Tulipiga vigelegele! Wa kwanza mimi, siwafichi. Nikapaza sauti, "Washuke hao, wana kofia za chuma!"

Ndipo akainuka Fundi Ndarama wa Bondeni, mchimba visima, kamba yake begani, mtu wa maneno machache na vidole vinene kama mihogo. Sasa sikilizeni desturi yetu. Anayeshuka kisimani hapangiwi mshika kamba. Humchagua mwenyewe, na asubuhi hiyo hula naye sahani moja, kwa sababu uhai wake utakuwa mikononi mwa yule. Kwa miaka kumi na minane Ndarama alikula sahani moja na Kisinza, mtu wa Mlimani. Vita vikawatenga. Na umbea wa mji, ambao ulipita kwangu kwanza kabla ya kwenda kwingine, ulisema Kisinza ndiye aliyewaongoza vijana siku kisima kilipojazwa. Hakuna aliyewahi kumuuliza usoni.

"Kapteni," Ndarama akasema, "hao vijana wako wana mama zao?"

"Wanao, Fundi."

"Mmoja akifukiwa humu, utamwandikia mama yake kwamba kafa akitoa takataka za nani?"

Kapteni akakitazama kisima.

"Kisima hiki tumekijaza sisi. Ukikifukua wewe kitakuwa chako, kama boza lilivyo lako, na ukiondoka tutakijaza tena, maana hatukukitolea jasho. Nitashuka mimi."

Mtu mmoja nyuma akadakia, "Na kamba utampa nani? Mkeo?" Watu wakaangua kicheko.

Ndarama hakucheka. Aliwatazama watu wa Mlimani, akawatazama na wa kwao Bondeni, mmoja mmoja, mpaka kicheko kikazimika. "Katika mji huu leo," akasema, "sina wa kumpa kamba yangu. Huko hayupo, wala huku kwetu hayupo. Tumefika hapo." Akamgeukia Kapteni, akamnyooshea kamba kwa mikono miwili. "Mgeni, shika kamba. Mwenyeji ashuke."

Hapo ndipo methali ilipozaliwa.

Kapteni akaipokea kamba. Ndarama alipokuwa anajifunga ncha yake kiunoni, Kisinza akatoka upande wa Mlimani.

"Ndarama, usishuke."

"Unanikataza kama nani?"

"Usishuke, ndugu yangu. Hujui kilichomo."

"Anayejua ni nani?"

Kisinza akavua kofia. "Mimi. Siku ile tuling'oa mawe ya ukuta upande wa magharibi, tukaegemeza magogo mahali pake. Ukivuta gogo lisilo lake, ukuta wote utakuja juu yako."

"Kumbe ni wewe kweli."

"Ni mimi."

Nyuma yangu mzee mmoja wa Bondeni aliinama akaokota jiwe. Askari wakapiga hatua mbele. Kapteni akainua mkono mmoja kuwazuia, mkono wa pili haukuiachia kamba, na macho yake yalikuwa kwa Ndarama, si kwa yule mzee. Alikuwa anamngoja mwenye mji aseme.

"Leteni kamba ya pili," Ndarama akasema. "Huyu anashuka na mimi."

"Mimi ni mshika kamba," Kisinza akalalamika. "Sijawahi kufukua kisima."

"Wakati wa kung'oa ukuta ulishuka kwa mbawa? Njia unaijua. Tangulia."

Mtu mmoja akaguna, wa pili akacheka, na yule mzee akajikuta anacheka huku ameshika jiwe. Akaliweka chini taratibu, kama mtu aliyekuwa amelipima tu uzito.

Kapteni akaniita. "Bi Mashavu, desturi ni sahani moja, au umenidanganya?"

Nilikimbia, na mwili huu! Nikaleta vitumbua kwenye sahani yangu yenye ufa, ile pale kabatini, na msithubutu kuigusa. Walikula Ndarama na Kisinza, bila kutazamana, na Kapteni, na askari wanane watakaoshika kamba. Askari mmoja alikuwa hajawahi kuonja kitumbua. Alikula vitatu, ikabidi nimkumbushe kwamba hii ni desturi, si harusi.

Kazi ilichukua siku kumi na tisa. Kisinza alionyesha gogo, Ndarama akalikata na kulifunga, wageni wakavuta. Kila baada ya muda mshika kamba aliita jina, na aliye chini akaitika. Siku za kwanza watu walikuja kutazama tu. Ya tano wakaanza kubeba mawe kuyapeleka pembeni, Mlimani kivyao, Bondeni kivyao. Ya nane njia zikachanganyika, kwa sababu jiwe zito halikungoji umuulize mwenzako ametoka upande gani.

Siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, ukuta ulicheka. Ndivyo mafundi wanavyosema ukuta unapoachia. Vumbi likapanda hadi juu. Askari wakaita, "Kisinza!" Akaitika. Wakaita, "Ndarama!" Kimya. Wakaita tena. Kimya.

Walitaka kumvuta Kisinza kwanza, akakataa. Tulisikia sauti yake kutoka chini, "Kafukiwa hadi kifuani! Msinivute! Ngojeni nimwondolee gogo, nikisema vuteni, vuteni!" Tulingoja. Mke wa Ndarama alinishika mkono, kucha zake zikaniingia, nami sikuhisi mpaka jioni. Kisha sauti ikasema, "Vuteni!"

Askari wanne wa kamba ya Ndarama wakavuta, kamba haikusogea. Kapteni akaungana nao, viganja vikamchubuka, kamba haikusogea. Nani alikuwa wa kwanza kuishika nyuma yao, sijui. Nimechunguza miaka yote hii, na mnanijua kwa kuchunguza, lakini hata umbea haujui. Nilichoona ni mikono. Yule mzee wa jiwe alikuwemo. Wale mama wawili wa ndoo walikuwemo, mmoja amemkanyaga mwenzake kidole na wala hakuna aliyelalamika. Kamba ikaanza kuja, shibiri kwa shibiri, na mwisho wake alikuwa Fundi Ndarama, amejaa vumbi, bega limechanika, anapumua.

Walipokwisha kumtoa Kisinza naye, Ndarama akafumbua macho. "Mikono iliongezeka," akasema. "Nani alikuwa anavuta?"

"Watu wako, Fundi," akajibu Kapteni.

"Wa upande gani?"

"Sikuuliza."

Siku ya kumi na tisa maji yalitoka. Mwanzo yalikuwa tope, kisha ya rangi ya chai ya maziwa, na kesho yake safi. Boza liliondoka siku iliyopangwa, na watu waliliaga kwa nyimbo, si kwa mawe. Siku ya uchaguzi jua lilikuwa kali, foleni ya kura ikazunguka soko zima, na ndoo ya maji ya kisima ilipita mkono kwa mkono toka mbele hadi nyuma. Nimeishi miaka mingi, sijanywa maji matamu kama yale.

Kapteni Thapa alipoondoka alituachia kamba. Ndarama alikuja kumuaga, akasema neno moja tu, "Asante," lakini alilisema kwa mikono yote miwili. Kiangazi kilichofuata, ulipofika wakati wa kusafisha kisima, aliingia kibandani kwangu alfajiri na Kisinza nyuma yake. Akaagiza sahani moja. Na siku hiyo kamba ilishikwa na Kisinza.

Basi Zawena, mjukuu wangu, mwana wa mji ulioletewa maji kwa boza, kesho unapanda ndege na kofia ya buluu kichwani. Jirani zangu wote nimeshawaambia, na waliosahau nitawaambia tena. Huko utakuta kisima cha watu kimejaa takataka zao. Utaona wanachelewa, wanabishana, mikono itakuwasha ushuke wewe umalize upesi. Usishuke. Wala usiiachie kamba, hata viganja vikichubuka. Kula nao sahani moja, waite majina, na wakianza kuishika kamba nyuma yako, usigeuke kuhesabu ni wa upande gani.

Mgeni shika kamba, mwenyeji ashuke.