Namna Bibi Nyanzobe Alivyotetewa

Ukimtetea asiyeshtakiwa, umemshtaki.

Mmeisikia leo kwa Mzee Jilala, wajukuu zangu, alipokuwa akizungumza nanyi vijana mnaojiandaa kwenda kuwatembelea wazee wa vijiji vya jirani. Mkarudi kwangu mmenuna, mkiuliza ameitoa wapi, kwa sababu mliona kama anawavunja miguu kabla hamjaianza safari. Kaeni. Menyeni hizo karanga huku mnasikiliza, mikono haina haja ya hadithi. Methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji cha Mwanhuli, huko Usukuma, alikuwapo fundi cherehani aitwaye Milembe. Alikuwa mjane wa makamo, hakubahatika kupata mtoto, na moyo wake ulikuwa laini kama uji wa mgonjwa. Akimaliza kushona sare za wanafunzi, alifunika cherehani yake akaenda kwa wazee. Huyu alimtekea maji, yule alimkata kucha za miguu, mwingine alimtilia kiraka kwenye shuka bila kuambiwa. Hakulipwa na mtu. Siku watu wa kikundi cha kujitolea kiitwacho Nguzo walipofika kutoka mjini, wakauliza ni nani hapa anayewajali wazee, kijiji kizima kilimtaja yeye.

Katika wazee wote hao, Milembe alimpenda zaidi Bibi Nyanzobe. Bibi huyu alikaa peke yake. Mtoto wake pekee, binti, alikuwa ameolewa mbali, na mume wa bibi, Masunga, alikuwa amezikwa mbele ya nyumba, karibu na zizi. Ubavuni mwa kaburi lile palikuwa na nafasi iliyoachwa kwa makusudi. Bibi Nyanzobe alifagia pale kila asubuhi, na mgeni akija alimwonyesha kwa kidole, kama mtu anavyoonyesha kitanda chake. "Pale ni kwangu," alisema. "Sina haraka, lakini ni kwangu." Hakuwa na tamaa nyingine duniani, ila kulala pale.

Kuni zilikuwa mbali, naye miguu ilikuwa imemwishia, kwa hiyo alipikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Kinyesi kinashika moto vizuri ila kina moshi mwingi, na nyumba yake haikuwa na dirisha. Macho yake yalikuwa mekundu kama pilipili iliyoiva. Lakini moto wake haukuzimika. Viberiti vilikuwepo dukani, ila wanawake wa jirani walizoea kwenda kwake alfajiri na kigae cha chungu kuomba makaa, na kwa sababu hakuna aombaye moto akaondoka palepale, walikaa wakazungumza.

Mbuke, jirani yake wa karibu, alikuwa wa kwanza kila siku.

"Bibi, jana mume wangu kakoroma mpaka mbuzi wakaamka. Wewe ulimvumilia vipi marehemu?"

"Mimi nilikuwa nakoroma kumzidi," alijibu Bibi Nyanzobe. "Ndoa ilidumu kwa sababu hakuna aliyemsikia mwenzake."

Hivyo ndivyo walivyoishi. Yale macho mekundu kila mtu aliyaona, na kila mtu alijua ni moshi, kwa kuwa naye alikuwa ametoka kwenye moshi huohuo akifikicha yake.

Basi Milembe akaitwa mjini na watu wa Nguzo, kwenye semina. Huko aliambiwa mambo ya kutisha, na yalikuwa ya kweli, msije mkadhani ni uongo. Aliambiwa kwamba katika vijiji vingine bibi vizee wamekatwa mapanga kwa sababu tu macho yao ni mekundu, wakasingiziwa uchawi. Milembe alilia mbele za watu. Mwalimu wa semina, kijana mwenye sauti nzuri, akawaambia, "Msinyamaze. Rudini mkaseme hadharani, kabla damu haijamwagika."

Alirudi Mwanhuli na hofu kifuani. Jioni ileile alikwenda kwa Bibi Nyanzobe, akamkuta anakoroga mboga, na bibi alipoinua uso kumkaribisha, Milembe alishtuka. Miaka yote alikuwa ameyaona macho yale. Siku hiyo aliyaona kwa namna nyingine. Kijiji kizima hakikuwa kimewahi kuyatazama hivyo. Wa kwanza alikuwa yeye aliyempenda.

"Bibi, kesho kutwa kuna mkutano wa kijiji. Nataka nikusemee."

"Unisemee nini?"

"Haki zako. Usalama wako."

Bibi Nyanzobe aliongeza kinyesi kwenye moto. "Mjukuu wangu, mimi nina shida ya kuni. Na ukuta huo wa nyuma unataka dirisha, moshi upate pa kutokea. Hilo lisemee."

"Hilo ni dogo, bibi. Mimi nina kubwa."

"Haya. Wewe ndiye uliyekwenda semina." Bibi alicheka. "Nitakuja, na nitavaa lile gauni ulilonishonea, wasiseme Milembe anamsemea mtu mwenye matambara."

Mkutano ulifanyika katika ghala la pamba, lililokuwa tupu wakati huo. Watu walikuwa wengi kwa sababu ya habari ya josho la ng'ombe. Hata watu wa vitongoji vya ng'ambo ya mto, ambao hawakumjua Bibi Nyanzobe, walikuwapo. Josho lilipomalizika kuzungumzwa, Mwenyekiti Ndaki akampa Milembe nafasi. Milembe alimshika bibi mkono, akaenda naye mbele.

"Ndugu zangu," alisema, "mtazameni bibi huyu. Macho yake ni mekundu. Ni moshi, si kitu kingine. Bibi Nyanzobe si mchawi. Narudia, bibi huyu si mchawi, na asithubutu mtu kumgusa."

Alingoja makofi kama ya kule semina. Hayakuja. Mwenyekiti alikohoa.

"Milembe, kwani kuna mtu amemwita hivyo?"

"Hapana, mwenyekiti. Nimetangulia kabla hajaitwa."

"Nani alitaka kumwita?"

"Hata kama hayupo," alisema Milembe, na sauti ikaanza kumpungukia. "Mambo haya yapo."

"Yapo hapa?"

Mzee mmoja wa ng'ambo ya mto alimgusa mwenzake begani. "Ndiye yupi? Huyo wa macho?"

Na huko nyuma mwanamke fulani, bila ubaya wowote, kama mtu anayejisemea mwenyewe akisuka ukili, alisema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Watu wakacheka kidogo. Kicheko kile kilikuwa chepesi, lakini kilipokwisha, kila mtu alikuwa anamtazama Bibi Nyanzobe usoni.

Bibi alizungusha macho akiwatazama mmoja mmoja. Kisha akamvuta Milembe kwa kiwiko.

"Na dirisha?" alimnong'oneza. "Mbona hujasema dirisha?"

Siku zilizofuata Mbuke hakuja kuomba moto. Alinunua kiberiti. Wengine nao wakanunua. Hakuna aliyemtukana bibi wala kumrushia jiwe. Walimwamkia vizuri, kwa adabu kubwa kuliko zamani, na wakapita upesi.

Milembe alipoona hivyo, alianza kwenda nyumba kwa nyumba kueleza. Kwa aliyekuwa na shaka aliiongeza, na kwa asiyesikia aliipeleka. Nyumba moja kwenye kilima alikuta wenyewe walikuwa shambani siku ya mkutano, hawajui lolote. Alipotoka pale walijua. Baadaye alichukua sururu, akatoboa dirisha kwenye ule ukuta wa nyuma kwa mikono yake, na kila Jumamosi akampelekea bibi mzigo wa kuni kavu. Moshi ukapungua. Macho ya Bibi Nyanzobe yakapoa, yakawa meupe kama ya mtu mwingine yeyote.

Watu wakasema amejua sasa kuyaficha.

Mtoto wa Mbuke alipopata homa, alipelekwa zahanati, akachomwa sindano, akapona. Milembe alikwenda kumjulia hali akiwa na chungwa la mtoto mkononi. Mbuke alilipokea kwa mikono miwili, kama inavyopasa.

"Dada, mimi sijasema kitu," alisema. "Umenisikia nikisema kitu?"

"Hujasema, Mbuke."

"Ila mimi nauliza. Wewe ulijuaje?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba atahitaji kutetewa. Mtu hachemshi dawa pasipo na mgonjwa. Wewe ndiye uliyekuwa ukishinda kwake kuliko sisi sote. Ukamwogesha, ukamlisha. Wewe ndiye ungejua." Mbuke alimtazama mtoto wake aliyelala. "Mimi nilikuwa simdhanii kitu, dada. Nilikuwa nakwenda kwake gizagiza bila hata kandambili."

Kisha kukawa na msiba katika kitongoji cha kati. Bibi Nyanzobe alijikongoja akaenda, kama alivyokwenda kwenye misiba yote maisha yake, akakaa kwenye mkeka wa wanawake. Wakamsogelea kumpa pole ya safari, wakamletea maji ya kunywa. Halafu, mmoja baada ya mwingine, wakapata kazi ya kufanya kwingine. Milembe alipofika alimkuta amekaa peke yake katikati ya mkeka mkubwa, kikombe mkononi. Siku ile bibi hakusubiri mazishi.

Habari zikamfikia binti yake, na mkwe akaja na mkokoteni wa ng'ombe kumchukua. Bibi Nyanzobe alikataa. Aliuliza nani atafagia pale mbele ya nyumba. Mkwe, ambaye alikuwa mtu mwema, alipiga magoti akasema, "Mama, binti yako halali usingizi. Anasema wakikufanyia jambo, hatajisamehe." Kwa hilo bibi akaanza kufunga vyungu vyake.

Sasa sikilizeni wema wa watu, maana ulikuwapo. Watu waliokuwa hawajakanyaga pale tangu siku ya mkutano walikuja na zawadi. Mmoja alileta kuku, mwingine debe la mpunga, mwingine mkeka mpya. Mume wa Mbuke alitandika nyasi laini kwenye mkokoteni ili bibi asiumie mgongo, akazifunga kamba kwa uangalifu, akazijaribu tena. Mbuke mwenyewe alimletea viazi vitamu vya kula njiani, akalia kweli. Walimhurumia sana. Walimhurumia kama wanavyohurumiwa wanaoondoka, na hakuna hata mmoja aliyemwambia, "Baki."

Milembe alishika ubao wa mkokoteni. "Bibi, nilitaka wasikudhuru."

"Najua, mjukuu wangu. Hakuna aliyenifanyia wema kama wewe." Bibi alimshika shavu. Kisha akauliza, si kwa hasira, bali kama mtu ambaye amelifikiria jambo kwa muda mrefu bila kupata jibu, "Ila siku ile uliposema mimi si mchawi, nani alikuwa amekuuliza?"

Milembe aliachia ubao. Ng'ombe wakapigwa fimbo, wakaondoka.

Bibi Nyanzobe hakumaliza kiangazi. Alifia kwa mkwe wake, akazikwa huko nyuma ya nyumba ya watu, kwenye ardhi ambayo hakuijua, miongoni mwa makaburi ya ukoo usio wake. Binti alituma salamu kwamba alizikwa vizuri na watu walikuwa wengi. Milembe alizipokea akiwa kwenye cherehani. Alisimamisha gurudumu kwa kiganja, akakaa hivyo mpaka mteja aliyekuwa akingoja akaondoka mwenyewe.

Mwaka ulipogeuka watu wa Nguzo waliwaita tena mjini. Mwalimu yule mwenye sauti nzuri alisimama akawasifu wote waliofanya kazi vijijini, na alipofika kwa Milembe akasema, "Huyu dada alisimama mbele ya kijiji chake akamtetea bibi kizee. Toka siku ile hakuna aliyemgusa bibi yule hata kwa ukucha. Mpigieni makofi, kisha atatueleza alivyofanya."

Makofi yale aliyoyangoja kwenye ghala yakaja. Milembe aliinuka. Alikuwa ameshona gauni jipya kwa ajili ya safari ile, akawa analivuta mkononi kama limembana.

"Ni kweli hakuna aliyemgusa," alisema. "Hakuna aliyemgusa, hakuna aliyekula naye, na amezikwa ugenini. Hapakuwa na kesi. Niliileta mimi. Ninyi mtakaporudi kwenu, kumbukeni hili moja tu. Ukimtetea asiyeshtakiwa, umemshtaki."

Akakaa. Mwalimu akawaita watu kwenye chai.

Waliokuwapo siku ile waliirudisha kauli hiyo vijijini mwao, na ndiyo iliyotufikia hata sisi.

Naona Kwandu anataka kuuliza kama basi msiwatetee wazee kabisa. Watetezi wanahitajika, mwanangu. Yupo mzee ambaye tayari ameshanyooshewa kidole, ambaye shamba lake limeshachukuliwa, na huyo mkimnyamazia mmemuua pamoja na wauaji. Kwa huyo pazeni sauti mpaka ikauke. Lakini kesho, mkifika kwenye mlango wa mtu mnayemwona mnyonge, ketini kwanza mmuulize shida yake ni nini, na akisema ni kuni, jueni ni kuni. Msimvishe shida mliyotoka nayo mjini. Bibi Nyanzobe hakuwa na adui katika kijiji kile chote. Alikuwa na rafiki mmoja mwenye hofu, na huyo alitosha.

Ukimtetea asiyeshtakiwa, umemshtaki.