Mishale Ukutani

Karakana ya mjomba wake ilikuwa ndefu na nyembamba, ikinuka chuma kilichoungua, na ukuta wake wa ndani ulikuwa mweupe pe. Kwenye ukuta huo ndipo binti fundi wa kuchomelea, aliyezoeleka kwa jina la Cheche, alipoichora kampuni yake kabla haijazaliwa. Alichora kiti cha magurudumu, akamchora mgonjwa anayekihitaji, kisha akachora mishale: kiti kikienda, malipo yakirudi.

"Mpwa wangu, hii ni dhahabu!" mjomba alisema huku akisugua viganja. "Nunua vyuma vya viti hamsini. Kizuri chajiuza!"

"Subiri, Mjomba. Huu ni mchoro tu. Nitengeneze kimoja kwanza, nione kama mshale huu unafika."

"Kimoja? Huo ni woga!"

Cheche hakutetereka. Alikuwa ameacha kazi kiwandani kwa ajili ya ndoto hii, na akiba yake ingetosha kujaribu mara moja tu. Ikipotea, angerudi kumpigia magoti bosi wake wa zamani.

Kiti kilipokamilika kilikuwa chepesi kama unyoya. Akakisukuma nyumba hadi nyumba. Watu walikimwagia sifa kama mvua, lakini hakuna aliyekinunua. Kila jioni alirudi nacho, uso umemsawijika, na mjomba akimtazama kwa jicho la nilikwambia.

Mwishowe alifika kwa mshonaji mmoja aliyevunjika mguu.

"Mama, niambie ukweli, usinionee haya," Cheche alimwomba. "Kina kasoro gani?"

Mshonaji akacheka. "Kiti hakina kasoro, mwanangu. Ila mguu wangu utapona. Nikishapona nikipeleke wapi? Nikivalishe gauni?"

Cheche naye akacheka, kisha wazo likamjia ghafla. "Je, nikikukodisha mpaka upone?"

"Hapo sasa tumeelewana! Lakini jaribu kukipitisha mlangoni."

Hakikupita. Magurudumu yaligota kwenye fremu, kulia na kushoto. Cheche alikibeba mpaka karakana, akakikata, akakiunga upya kikiwa chembamba, kisha akaugeukia ukuta. Mshale wa kuuza akaufuta kwa kiganja. Mahali pake akachora duara: kiti kinatoka, kinahudumia, kinarudi, kinakarabatiwa, kinatoka tena.

"Umefuta biashara yetu!" mjomba alishtuka.

"Nimefuta kosa letu, Mjomba. Fikiria tungekuwa na hamsini visivyopita mlangoni."

Mjomba aliutazama tena ukuta. Kisha akavaa ovaroli yake.

Mshonaji alipopona, alikirudisha kiti mwenyewe akitembea wima, na nyuma yake walikuja majirani wawili wenye wagonjwa. Wakaleta wengine. Vikatengenezwa viti vipya, kila kimoja kikiwa tayari kina mtu anayekisubiri. Hata mkuu wa hospitali alikuja kuomba vingine kwa ajili ya wagonjwa wanaoruhusiwa kwenda nyumbani.

"Nani aliyebuni mpango huu?" aliuliza, akiutazama ukuta uliojaa alama za kufutwafutwa.

Mjomba alitanua kifua kama jogoo. "Mpwa wangu! Mimi nilitaka tukimbie, yeye akataka tujaribu. Tulipojikwaa, ndipo tulipoiona barabara."

Cheche aliinamisha kofia yake ya kuchomelea usoni, asionekane akilia kwa furaha, akawasha moto, akaendelea na kazi. Hakika, kupotea njia ndiko kujua njia.