Sekunde Hamsini na Mbili

Jambo dogo ukilidharau, hukutangulia njiani likakungoja. Edmund aliyajua hayo darasani, kazini aliyasahau.

Mwaka 1976 alikuwa mtumishi wa gari la serikali lililowaonyesha wafugaji sinema za mifugo, mjini Iringa. Filamu hazikuwa na Kiswahili, hivyo alisoma maelezo kwenye kipaza sauti, jicho moja kwenye saa ya mkononi, jingine kwenye orodha ya dakika.

"Dakika ya nne, kipimo sahihi," Mama Leokadia, mkuu wake, aliisoma orodha hiyo. "Ya nne na sekunde ngapi?"

"Mama, sekunde ni pumba tu. Mchele ni dakika."

"Kwa dakika moja ng'ombe anamaliza ndoo. Andika dakika na sekunde, uhesabu tangu picha ya kwanza."

"Ndiyo, mama." Akaikunja orodha vilevile, akaitia mfukoni.

Kijijini Rujewa walionyesha mchana, ndani ya ghala la mpunga, madirisha yamezibwa kwa magunia. Dakika ya nne ilipotimu, Edmund akasoma, "Hiki ndicho kipimo sahihi cha dawa ya kupe!" Kwenye kitambaa cha sinema, mkono ulikuwa ukimimina makopo matano ndani ya pipa.

Mzee Budeba, mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga, akainuka. "Matano, nimeona! Naenda, ng'ombe wananingoja."

"Ng'ombe wa Budeba wana saa!" watu wakamtania.

Alipokwisha kutoka, ng'ombe wa kwenye picha akaanguka, povu mdomoni. Kisha mkono ule ukamimina kopo moja tu. Edmund akaitazama saa: dakika nne na sekunde hamsini na mbili. Makopo matano yalikuwa mfano wa kosa!

"Mama, zima! Budeba!"

Budeba alikuwa amekatiza mfereji kwa baiskeli. Landrova ililazimika kuzunguka darajani. Kwa kila tuta Edmund alihesabu sekunde, zilezile alizoziita pumba.

Walimkuta na bomba la kunyunyizia dawa mkononi. Ng'ombe thelathini na tisa walikuwa bado wakavu, hawajanyunyiziwa. Wa arobaini, mtamba mweupe, alikuwa chini akitetemeka. Walimmwagia maji ndoo kwa ndoo. Akafa.

"Mwanangu," Budeba aliuliza polepole, "si umesema mwenyewe matano? Nimekosea wapi?"

Edmund akaitoa orodha mfukoni. Mama Leokadia akampa kalamu. Juu ya boneti yenye moto, akaandika: kipimo sahihi, dakika 4, sekunde 52.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Na siku ile mguu ulikuwa wa mtu mwingine.