Mlango wa Mbodze

Hapo kale, kabla watu hawajajua kuutumia vingine, mlango ulikuwa mlango tu: kitu cha kuzuia mbuzi. Mtu akiulizwa ni wa nani, alitaja baba aliyemzaa. Asiye na baba wa kumtaja alinyamaza.

Mbodze, mkewe Tsuma, hakujaliwa kuzaa. Lakini mwaka wa ndui aliokota watoto watatu waliofiwa na wazazi, akawalea mpaka wakawa vijana wa kushika jembe. Tsuma alipofariki na matanga kuanuliwa, wazee wakakaa kugawa mashamba. Chirima, mdogo wa marehemu, alisema bila kupepesa macho:

“Shemeji, shamba ni la damu. Hao uliwaokota tu. Warudi walikotoka.”

Walikotoka kulikuwa na makaburi tu. Mbodze hakulia mbele yao. Alikwenda nyumbani, akaung'oa mlango wake wa fito pamoja na miimo yake, akajitwika mpaka barazani. Huku nyuma mbuzi waliingia ndani wakafakamia unga wote, wala hakujali.

Aliusimamisha mbele ya wazee, akaushikilia kwa mikono miwili.

“Wazee wangu, tumbo langu halikuzaa. Lakini kila niliyemlea aliinama akapita hapa. Wanangu, piteni.”

Wakainama wakapita, maana mlango wenyewe ulikuwa mfupi. Baadhi ya wazee walicheka chinichini. Mbodze akamgeukia Chirima.

“Bado wewe, baba. Nilipoletwa hapa bibi harusi, mama yenu alikuwa ameshakufa, na wewe mtoto mdogo umejaa upele, hakuna anayetaka kukugusa. Nani alikuogesha? Nani alikulisha?”

Kicheko kikakatika. Chirima, jibaba zima lenye mvi, aliinuka. Aibu ilimshika, na pengine mapenzi pia. Kisha akainama, akapita.

Wazee wakakata shauri. Shamba lilibaki kwa watoto wa Mbodze, na Chirima ndiye aliyewaonyesha mipaka.

Na tangu siku hiyo, watu wa huko wakitaka kujua ukoo wako hawaulizi nani alikuzaa. Huuliza, “Wewe ni wa mlango gani?” Ule wa fito mchwa waliumaliza zamani. Watu wake wamejaa bonde zima, na hakuna hata mmoja ajuaye yupi kati ya babu zao alikuwa wa damu na yupi aliokotwa.