Vitabu Vilivyopotea Vikiwa Kwenye Rafu

Hapo zamani, si zamani ya mababu, ni hii ya juzi ambayo wahusika wake bado tunasalimiana nao, kulikuwa na maktaba katika mji mmoja wa Upareni. Mkuu wake aliitwa Senzighe. Senzighe alikwenda semina ya siku tatu, akarudi na begi jipya na maneno mapya.

"Kuhesabu vitabu kwa mkono ni ushamba," akasema. "Kila kitabu kitabandikwa chipu. Unapitisha mashine, inalia tii, kitabu kimehesabiwa."

Akaletwa fundi, Gwakisa. Gwakisa akazitazama rafu, akaona za sehemu moja zote ni za chuma. Alijua vizuri kwamba chipu za aina ile zikikaa karibu na chuma hazisikiki. Alijua, akanyamaza.

Kazi ya kubandika akapewa Hoza, karani. Ndani ya boksi la chipu mlikuwa na karatasi ya maelekezo: bandika katikati ya jalada, mbali na chuma. Hoza, bingwa wa kuwahi chai, aliifutia meza karatasi ile. Akabandika chini kabisa, kwenye ukingo unaokalia rafu, maana huko mkono ulifika upesi.

Siku ya kuhesabu ikafika. Mashine ikasema vitabu elfu moja mia tisa havipo, vyote vya zile rafu za chuma, sehemu ya Bi Nakijwa, mkutubi wa miaka ishirini na miwili.

"Havipo vipi?" akauliza Bi Nakijwa. Akachomoa kimoja, akamtia Senzighe mkononi. "Hiki umekishika, mkuu."

"Hicho kimoja. Mashine haina ndugu wala haili rushwa. Vingine umevipeleka wapi?"

Anauliza hivyo huku ameegemea rafu iliyojaa vitabu! Lakini msomi ni msomi. Bi Nakijwa akasimamishwa kazi. Mjini wakasema ameviuza vifungiwe maandazi. Kwaya ikamvua uongozi. Jirani aliyemkaribisha chai alihesabu vijiko alipoondoka, tena alihesabu kwa sauti.

Mwezi wa tatu tangu asimamishwe, paa la maktaba likavuja. Vitabu vikahamishiwa kwenye meza za mbao, mashine ikapitishwa. Tii, tii, tii! Vyote elfu moja mia tisa.

Senzighe akaruka. "Mnaona? Mwizi amevirudisha!"

Mama mmoja, peke yake, elfu moja mia tisa, na mlango una kufuli. Hata Gwakisa, aliyeitwa kutazama, aliona haya.

"Si mwizi, mkuu," akasema. "Ni chuma."

Basi habari yote ikajulikana, na Bi Nakijwa akaandikiwa barua arudi kazini. Akairudisha bila kuifungua.

"Sikutukanwa na karatasi," akasema. "Nilitukanwa na watu. Jumamosi asubuhi nitaweka kiti uani na kuwaita majirani. Aje mmoja, yule mwenye kosa kubwa kuliko wenzake, aseme kwa kinywa chake: kosa ni langu. Wasije watatu. Watatu watagawana kosa kama mkate, kila mtu aondoke na kipande kisichomshibisha."

Maneno hayo yakafika maktabani. Gwakisa akasema, "Mimi nilinyamaza tu. Kunyamaza si kumwita mtu mwizi. Na chipu zingebandikwa katikati, nyingi zingesikika."

Hoza akasema, "Mimi ni karani. Nilibandika chipu, sikumbandika mtu wizi. Fundi aliniona nikibandika chini, akaniomba kiberiti akaenda zake."

Senzighe akasema, "Mimi nililetewa taarifa mbovu. Mkuu huamini taarifa."

"Na macho, mkuu?" Hoza akamuuliza. "Uliyaacha semina?"

"Wewe uliyapeleka wapi? Vitabu uliviona kila siku, mbona hukusema?"

Hoza akakumbuka kwamba chai inapoa.

Jumamosi ikafika. Majirani wakaja, yule wa vijiko akawahi mbele. Bi Nakijwa akaketi kwenye mkeka, ameukabili mlango wa ua. Maktabani watu watatu walikuwa wamesimama, kila mmoja akimsukuma mwenzake aelekee mlangoni.

Haya, ninyi hodari wa kuhukumu: aliyejua akanyamaza, aliyelipua kazi, na aliyeikubali mashine akayakataa macho yake. Kiti ni kimoja. Je, nani alistahili kwenda kukikalia?